Meinir Bufton na kibao kilichosahaulika kwenye kapu la mikate

Saa tisa na dakika kumi alasiri, tone la kwanza linaangukia kioo cha gari la Meinir Bufton. Analitazama linavyoteremka. Linafuata la pili, kisha yanakuja kwa pamoja, na lami iliyokuwa ya kijivu tangu asubuhi inageuka nyeusi.

"Si nilikwambia," anasema mumewe, Ithel, akiinama dirishani. "Wingu la upande ule halijawahi kunidanganya."

"Ulisema saa kumi."

"Nilisema alasiri, bibie. Alasiri ndiyo hii."

Meinir hacheki. Mbele yake yamebaki magari manne, halafu ni zamu yake.

Ana miaka hamsini na tisa, na kazi yake ni kuendesha basi la shule katika vilima vya katikati ya Wales. Jumapili sita au saba kwa mwaka, yeye na Ithel, ambaye hujenga nyua za kondoo, hupakia gari lao jekundu kwenye trela na kuja hapa Cae Hir, uwanja wa zamani wa ndege za vita uliobaki na lami na upepo tu. Kiingilio ni pauni mia moja na arobaini kwa kila dereva. Mshahara wake ni pauni mia tatu na ishirini kwa wiki.

"Sivuti, sinywi, na koti hili ni la mtumba," anasema. "Starehe yangu ni hii tu."

Hapa magari hayakimbizani. Linaondoka moja moja, linashindana na saa. Asubuhi ni mazoezi. Mchana kila dereva anapewa safari mbili za kuhesabiwa, na iliyo bora ndiyo inayoandikwa. Mke na mume hawa wanatumia gari moja: mmoja akishuka, mwenzake anapanda kiti kikiwa bado cha moto.

Septemba iliyopita, siku ya mvua kama hii, gari lilimponyoka Meinir kwenye kona inayoitwa Ghala, likaenda kinyumenyume mpaka likagota ukuta wa matairi. Alivunjika mbavu tatu.

"Mbavu zilipona kabla ya Krismasi," anasema. "Mikono ndiyo iliyogoma."

Mikono iligoma kazini. Kila mvua iliponyesha kwenye njia ya mlimani, vidole vilikaza usukani hata vikafa ganzi, na watoto kumi na mmoja wakafika shule wakati wenzao wameshamaliza somo la kwanza. Mwezi wa pili akaomba ahamishiwe njia ya bondeni. Sasa njia hiyo inafutwa. Jumatatu, yaani kesho, anatakiwa kutoa jibu: arudi mlimani siku hiyohiyo, au arudishe funguo za basi baada ya miaka ishirini na miwili.

Hakuna aliyemwambia aje kujipima Cae Hir. Alijiambia mwenyewe. Na asubuhi, alipoona jua limewaka, alifurahi kama mtu aliyeahirishiwa kung'olewa jino.

Jua lilidumu mpaka safari ya kwanza ya kuhesabiwa. Meinir aliondoka kabla ya Ithel, akapita kona ya Ghala bila hata kuikumbuka, akarudi anatabasamu. Kwenye karatasi ya matokeo, mbele ya jina lake, palikuwa patupu.

"Umepita kama mzimu, mama," Eirlys Mapp, msimamizi wa mstari wa kuanzia, alimwambia. "Saa haikukuona."

Kila gari hapa hufungwa mbele kibao cheusi cha bati, na kibao hicho ndicho kinachokata mwali wa taa na kuiamsha saa. Gari la Meinir halikuwa nacho. Eirlys mwenyewe hakugundua. Alikuwa ameinama akiweka kabari nyuma ya gurudumu.

"Ithel," Meinir alisema, "umekiweka wapi?"

"Mimi?"

"Nani mwingine hugusa kila kitu?"

Ithel alitafuta chini ya trela, kwenye sanduku la spana, hata ndani ya viatu vyake. Mwisho akafungua kapu la chakula kutafuta cha kutafuna. Kibao kilikuwa chini ya mkate wa zabibu kavu, kimefungwa vizuri kwenye taulo. Meinir hukivua kila wakati wa chakula, watu wasije wakajikwaruza miundi wakipita.

"Basi nipe kipande cha mkate," Ithel alisema, "niwe nimelipwa fidia."

Alikifunga kibao, akaenda zamu yake, akaandikiwa sekunde sitini na sita. Meinir akabaki na safari moja tu. Na sasa inanyesha.

Wenye matairi ya akiba ya mvua wanakimbizana na jeki. Wabufton wana seti moja, na ndiyo hiyo iliyoko chini.

Eirlys anaweka kabari, safari hii anakigusa kibao kwa kidole. "Kipo. Huna kisingizio."

Taa ya kijani inawaka. Taa hii si amri, ni ruhusa. Saa haianzi mpaka gari lisogee. Meinir anakaa. Vifuta kioo vinakwenda na kurudi. Nyuma yake mtu anapiga honi, Eirlys anamgeukia na kumtazama, na honi inanyamaza.

Kisha gari jekundu linaondoka.

Ithel hatazami. Anasikiliza. Anasikia gia ya pili, ya tatu, halafu mlio unashuka mapema kuliko kawaida, karibu na Ghala. Kimya kidogo. Halafu mlio unapanda tena, na Ithel anagundua kwamba kipande cha mkate kimesagikia kiganjani mwake.

Sekunde themanini na moja. Wa mwisho kati ya madereva tisa wa kundi lake.

"Konokono amekupita pale kwenye nyasi," anasema Ithel, mkewe anapovua kofia.

"Nilimpungia mkono." Meinir anavinyoosha vidole vyake mbele ya uso, anavikunja, anavinyoosha tena. Anaanza kucheka, na machozi yanamtoka, na hayafuti. "Mkia wa gari uliteleza, Ithel. Palepale. Mikono ikaurudisha yenyewe, mimi hata sijaiambia."

Saa kumi na moja trela imefungwa na mvua bado inapiga. Tangu Septemba, siku ya mvua gari la kuvuta trela huendeshwa na Ithel, na mguu wake mmoja tayari uko ndani, upande wa usukani. Meinir amesimama nyuma yake, kiganja kikiwa wazi.

"Funguo," anasema. "Na tupite njia ya mlimani. Nataka kuiona kabla watoto hawajapanda kesho."