Nusu Kidonge cha Paka wa Ghalani

Miaka ya tisini, ghala la mpunga la shangazi yangu pale Kagongwa lililindwa na paka mmoja tu, na panya walimjua. Aliumwa mguuni na paka mwenzake, kidonda kikatunga usaha. Bwana mifugo alimwandikia dawa ya kuua vijidudu, akatuonyesha jinsi ya kumpa ndani ya samaki, akasisitiza tusiongeze kitu kingine. Tulimpa bila kuruka siku.

Asubuhi moja nikamkuta amevimba uso, anahema kwa shida, fizi zimekuwa rangi ya udongo. Nilikimbia kumwita bwana mifugo. Alimfungua mdomo, akazikagua fizi.

"Mama, mmempa nini zaidi?"

"Jana nilimwongezea nusu kidonge cha maumivu," shangazi akajibu. "Mgonjwa gani anapewa dozi bila cha maumivu?"

"Paka," akasema. "Kwake hicho ni sumu."

Paka alikufa kabla ya adhuhuri. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "nusu tu", damu inanichemka. Nilipomwinua nikamzike, niliutazama ule mguu. Usaha ulikuwa umekwisha, na kidonda kilikuwa kimeshafunga.