Saa Iliyokufa Nyumbani Kwetu

Juzi, kwa fundi wa saa pale Kericho, nilinusa mafuta ya taa nikarudi utotoni, alasiri moja ya mvua kule Silibwet. Saa yetu ya ukutani, kuukuu kuliko Baba mwenyewe, ilikuwa imesimama. Baba aliitazama akasema, "Hii imekufa." Nilimwamini kabisa, maana tulikuwa tumetoka kumzika Kogo, mama yake.

Aliilaza mezani, akaifungua mgongoni. Alichovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya taa, akapangusa meno ya magurudumu polepole, na masizi ya jikoni yakatoka meusi tititi. Mimi nilikuwa hata sipumui. Kisha akaitundika, akaitia ufunguo, akasukuma kile chuma kinachoning'inia. Tik, tak, tik. Ilikuwa hai!

Mwili ulinisisimka. Kumbe kufa ni uchafu tu.

"Baba, mbona Kogo hukumsafisha hivi, tukamzika tu?"

Leo najua saa "hufa" kwa msemo tu, si kama mtu. Siku hiyo Baba aliniinua hadi ukutani, sikio langu likagusa saa, ikaendelea kuongea.