Karanga Moja Inayobaki

Mimi ni mbishi wa kuzaliwa, na mwalimu aliyetufundisha aljebra Nachingwea aliligundua hilo mapema. Tulikuwa vijana wachache, tukisomea kwenye banda la mabati lililoachwa na wazungu wa mashamba ya karanga walipofunga virago. Mwalimu alitwambia bila kificho: anayetaka sayansi, anayetaka kujenga madaraja, lazima apite kwenye aljebra kwanza.

Siku moja alisema, chukua namba yoyote, izidishe kwa yenyewe. Kisha chukua jirani yake wa chini na jirani yake wa juu, uwazidishe hao. Jibu la pili litapungua kwa moja, daima. Tano mara tano ishirini na tano. Nne mara sita ishirini na nne. Nikajisemea, huyu leo namkamata. Nikajaribu namba ndogo, nikajaribu kubwa, hata zile za kumtoa mtu jasho. Kila mara ilipungua moja tu. Ndipo akaandika x ubaoni, akaongeza mstari mmoja mfupi wa hesabu, akaweka chaki chini. Mstari ule ulikuwa umezimaliza namba zote, hata zile ambazo hakuna binadamu atakayefika kuzihesabu. Nasema kweli, niliogopa.

Mwaka huo nilipata nafasi ya kwenda mbali, kusoma sayansi ya kunifikisha chuo cha uhandisi. Nilipofika nyumbani Mbekenyera nilimkuta baba ameshakata shauri: nibaki, tulime ufuta. Umesoma vya kutosha, alisema. Na kwetu huondoki nyumbani ukimwacha baba amenuna.

Baba alikuwa mtu wa adabu za zamani. Kwetu mwanamume hatamki jina la mama mkwe wake. Bibi, mama yake mama, aliishi ng'ambo ya shamba letu, na maisha yangu yote sikuwahi kumsikia baba akimtaja. Akimwona njiani huingia majanini na kugeuza uso mpaka apite. Lakini shamba la bibi ndilo lililolimwa kwanza kila mwaka, na kuni hazikumwishia. Utotoni nilidhani baba hampendi.

Jioni moja tulikuwa tunamenya karanga, mimi na yeye. Akaniambia kwa kejeli, "Hebu nionyeshe hicho kinachokutia wazimu."

Nikapanga karanga mkekani, safu tano za tano tano. Nikaondoa safu moja ya wima ya pembeni, nikailaza chini ya zilizobaki. Zikawa safu sita za nne nne, na karanga moja ikabaki mkononi mwangu. Baba akacheka, akasema ni bahati. Akapanga mwenyewe saba kwa saba. Ikabaki moja. Akapanga kumi kwa kumi, sasa hacheki tena. Moja.

"Na ukipanga shamba zima?"

"Itabaki moja, baba."

"Umejuaje, na hukuhesabu?"

Nikachora x mchangani kwa kidole. Nikamwambia huyu anasimama mahali pa namba yoyote. Hatumtaji ni nani. Tunamtendea haki yake tu, upande huu na upande ule, na mambo yanatimia.

Baba akaitazama ile alama. Halafu macho yake yakaenda ng'ambo, kwenye moshi wa jiko la bibi. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Kumbe wenye elimu nao wana mkwe."

Akaokota ile karanga iliyobaki, akanitia kiganjani. "Nenda, mwanangu. Ila usimtaje kwa haraka."

Asubuhi ya safari alinibebea sanduku mpaka karibu na barabara. Njiani tukamwona bibi anakuja kuniaga. Baba akaingia majanini na sanduku langu kichwani, akageuza uso, na mimi nikasimama nikimtazama kama nilivyoutazama ule ubao.