Goti la Mlangoni

Mama anayefagia kanisa letu hapa Changamwe bado anapiga goti upande usio na altare. Kanisa lilipopanuliwa, ukuta wa altare ulivunjwa ukawa mlango mkubwa unaotazama barabara, nayo altare ikahamishiwa upande wa pili, ulipokuwa mlango wa zamani. Mabenchi yakageuzwa, nasi tukageuka nayo. Yeye hakugeuka. Akifika hapo mlangoni huvua kandambili, huinamisha kichwa, kisha hupangusa sakafu polepole, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Altare ilipo anapajua. Ndiye anayeitandika vitambaa kila Jumamosi. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akaitika, "Abee, mwanangu?" kana kwamba hakunisikia, nami nikaona haya kurudia.

Jumapili ya Matawi tuliingia kwa maandamano, Padri mbele, tukamkuta amepiga goti palepale ametuelekea. Padri akadhani anaheshimiwa yeye, akamwekea mkono kichwani. Mama akauondoa taratibu.

"Niwie radhi, Padri, hebu sogea kidogo. Umenizibia."

Padri akageuka kutazama nyuma yake. Nami nikageuka, na kwaya nzima ikageuka. Barabarani palikuwa na muuza viazi karai na bodaboda wawili wanaosubiri abiria. Padri akasogea pembeni. Tukabaki sisi mbele ya mama, matawi mikononi, hatujui tuingie au nasi tupishe.