Koleo na Freti Ndefu

Jina la Koleo alipewa na mkewe. Miaka ishirini na mbili ya kufyatua matofali ilikuwa imemjengea mikono isiyojua kushika kitu kidogo kidogo. Akishafunga bomba la uani, ni yeye mwenyewe tena anayeitwa kulifungua. Jioni mikono hiyohiyo ilipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Kasheshe ilianza freti za gitaa lake zilipochakaa. Freti, kwa asiyezijua, ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Uzi unaukandamiza nyuma ya chuma ndipo upate sauti unayoitaka. Za Koleo zilikuwa fupi kwa kimo tangu mwanzo, na sasa zimelika mashimo. Akaenda kwa fundi, mama mmoja aliyeanza kazi kwa kutengeneza redio.

"Nitilie ndefu kabisa, kama za mpiga solo wetu."

Fundi akamuuliza mara mbili kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Basi akatiliwa.

Tangu siku hiyo sauti yake ikawa inapanda juu kidogo ya wenzake, kidogo tu, lakini ya kukera masikio. Akatyuni, akabadilisha nyuzi, akabadilisha mpaka funguo za kukazia nyuzi. Wapi.

"Mzee, Jumamosi tunarekodi," kiongozi wa bendi akamwambia. "Wimbo ni wako, sikatai. Ila sehemu yako itapigwa na kinanda."

"Niutunge mimi, halafu nikae nje niwashikie makoti?"

"Na kinanda hakiombi lifti kila usiku kama wewe," mpiga besi akachomekea.

Alhamisi Koleo akatua kwa fundi na saruji yake miguuni.

"Dada, gitaa hili umeliroga."

"Kaa hapo. Piga."

Akapiga. Fundi hakulitazama gitaa, alitazama kucha za Koleo. Zilikuwa nyeupe pe kwa kubana. Akawasha kifaa cha kutyuni.

"Bonyeza kama kawaida yako." Sindano ikapita katikati, ikalalia kulia, upande wa sauti iliyopanda. "Sasa bonyeza kama unavyomshika mjukuu shavu." Sindano ikarudi katikati, ikatulia.

Koleo akabonyeza tena kwa nguvu zake, sindano ikarudi kulia.

"Freti zako za zamani zilikuwa fupi," fundi akasema. "Ukikandamiza, kidole kinagota kwenye mbao na kukomea hapo. Kwenye hizi ndefu mbao iko mbali, nawe unazidi kusukuma. Uzi unakazika, sauti inapanda. Mwenzako wa solo ana vidole vyepesi, tena anapenda kuvuta nyuzi pembeni, ndiyo maana zinamfaa."

"Kwa hiyo mkono wangu ndio mbovu."

"Nani kasema? Mapigo yako yamenyooka kama rula."

"Nikijifunza kubonyeza taratibu je?"

"Utajifunza, kaka, lakini si kwa siku mbili. Na kesho si unafyatua matofali?"

Wakacheka. Fundi akazing'oa zile ndefu moja moja, akapigilia nyingine fupi na pana, akazisugua mpaka kidole kikawa kinateleza. Ijumaa jioni Koleo alizikandamiza kwa nguvu zake zote. Sindano haikutikisika.

Jumamosi, studioni, alimkuta mpiga kinanda keshakaa kwenye kiti.

"Naomba mara moja tu," akamwambia kiongozi. "Nikiharibu, natoka mwenyewe."

Wakaanza. Koleo alibana nyuzi kama alivyozibana maisha yake yote, bila kujihurumia, na gitaa likamjibu safi kabisa. Kwenye ubeti wa pili mpiga besi akamgeukia, meno yote nje. Walifika mwisho bila kusimamishwa na mtu.

Nyuma ya kioo, fundi mitambo akavua vifaa vya masikioni. "Hiyo imetoka. Haturudii."

"Na kinanda?" kiongozi akauliza.

"Cha nini tena?"

Mpiga kinanda mwenyewe akampisha Koleo kiti, wakasikiliza wimbo tangu mwanzo. Waliusikiliza mara nne, na ile ya nne kiongozi ndiye aliyeiomba.