Fundo la Siku ya Saba

Bi Zuena binti Mwishehe alikuwa na ulimi mkali kuliko wembe, na Keko nzima ilimvumilia kwa sababu ya mikono yake. Ukivunjika mguu, ukiteguka bega, ukianguka mnazini, unapelekwa kwake. Wengine walibebwa kitandani kutoka Tabata, na wengine kutoka Chanika kwenye mashamba. Aliupapasa mfupa macho kayafumba, akauvuta, akaurudisha mahali pake, kisha akauzungushia mabanzi ya mwanzi na kuyafunga kwa kamba ya ukindu. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, marehemu mzee Mwishehe, pamoja na sharti lake: fundo halifunguliwi mpaka siku ya saba. Mgonjwa akilia, akilalama, akitukana wazazi wa watu, asifunguliwe. Maumivu yale, mzee alisema, ni mifupa inaitana.

Mwaka 1949, Jumanne moja alasiri, ubao mnene wa mvule ulimwangukia Mwinjuma, fundi seremala, ukamvunja mkono wa kulia kati ya kiwiko na kifundo. Ngozi haikupasuka. Bi Zuena aliunga, akafunga, akakaza sana, kwa kuwa mkono wa seremala hauna mchezo. Mwinjuma hakuwa na shamba wala mashua. Alikuwa na randa, msumeno na mkono ule.

Asubuhi ya Jumatano jua halijapanda vizuri, Mwanaheri, mkewe Mwinjuma, alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Bi Zuena. Mume wangu hajalala. Anaomba shoka aukate mkono mwenyewe."

"Marahaba. Mifupa inaitana, mwanangu. Iache ilie."

"Tangu lini mifupa ikaitana mpaka vidole vikawa baridi? Mie nimevishika. Vya maiti vina nafuu!"

Bi Zuena alifungua mdomo amkaripie, lakini akakumbuka jambo. Wiki chache nyuma, Gozbert, dresa kijana, mfunga vidonda wa zahanati ya serikali, alimwamkia njiani kwa adabu zote, akamwambia, "Bibi, ukishafunga, bonyeza kucha ya mgonjwa. Itakuwa nyeupe. Ukiachia, damu irudi upesi. Isiporudi, fungua." Bi Zuena alimwuliza mbele za watu, "Kwani kucha ndiyo iliyovunjika?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, naye Gozbert akaenda zake. Sasa Bi Zuena alijitanda kanga, akatoka.

Kaka yake, Bakari, alimfuata. Huyu ndiye aliyekuwa akimchumia mianzi na kusuka kamba, kwa mkono wa kushoto na meno. Wa kulia ulikauka tangu ana miaka tisa, vidole vimekunjamana kama makucha ya ndege. Aliuvunja akicheza, baba yao akamwunga. Baadaye ulipokauka, nyumba nzima iliambiwa ni kijicho cha majirani, na hakuna aliyeuliza tena.

Walimkuta Mwinjuma amelala mkekani, jasho linamtiririka, mkono umevimba juu na chini ya kamba mpaka ngozi inang'aa. Bi Zuena aliinama, akamnyoosha kidole cha kati kidogo tu. Mwinjuma alipiga yowe, kuku wakatawanyika uani. Akamchoma ncha ya kidole kwa mwiba, hakushtuka. Ndipo akaibonyeza kucha na kuiachia. Ikabaki nyeupe. Akaibonyeza ya kwake mwenyewe, damu ikarudi papo hapo. Akarudia ile ya Mwinjuma. Nyeupe.

Alikumbuka Bakari alivyolia siku tatu, na siku ya nne akanyamaza, na baba yao akasema kwa furaha, "Alhamdulillahi, mifupa imekutana."

"Mwanaheri, nipe kisu cha mumeo."

"Zuena!" Bakari alisimama mbele yake. "Leo siku ya pili. Baba hakufungua fundo siku ya pili maisha yake yote."

"Najua hakufungua."

"Mwacha asili ni mtumwa. Ukikata hapa, utakuwa umesema baba ndiye..." Mkono wake mzima uliukamata ule uliokauka, akaufunika kwa kanzu.

Bi Zuena alimpenda baba yake kupita kiasi, na kaka yake pia. Lakini mkekani palikuwa na mkono ambao bado haujafa.

"Unisamehe, kaka," akasema, na akakata kamba zote, si moja moja kwa kujaribu, zote. Mabanzi yakaanguka. Aliulaza mkono juu ya ubao uliolainishwa kwa nguo, akakaa akiishika kucha ile, anabonyeza, anaachia. Jua lilipanda. Hatimaye wekundu ukaanza kuja, polepole, na Mwinjuma akalia kwa sauti kubwa zaidi kwa sababu sasa vidole vilihisi. Bakari alikuwa ameshaondoka.

Wakamchukua Mwinjuma juu ya ubao wake mwenyewe hadi zahanati. Foleni ilikuwa ndefu, na waliocheka siku ile walikuwamo. Bi Zuena hakungoja mahali pa faragha.

"Gozbert, mwanangu, nilikaza mno. Nimemfungua. Nifundishe kilichobaki."

Kijana hakumcheka. Alisema mkono ukiumia huendelea kuvimba, nao ukikosa pa kuvimbia damu hukosa njia. Akampeleka Mwinjuma hospitali ya mjini siku hiyo hiyo. Mwinjuma alirudi baada ya majuma kadhaa. Vidole viwili hadi leo havijui moto, lakini randa anaishika.

Bakari hakukanyaga kwa dadake miezi miwili. Bi Zuena alipeleka chakula kila Ijumaa, na kila Ijumaa sahani ilirudi bila salamu. Alilia, asiwe na wa kumlaumu. Hata hivyo aliendelea kuunga, safari hii kamba zikiwa na nafasi, ncha za vidole zote nje, na kila mke wa mgonjwa aliambiwa, "Kucha ikikataa kurudi, kata wewe mwenyewe. Usiningoje mie."

Kisha siku moja akaletwa mpagazi mmoja, Romani, mkono umevunjika palepale alipovunjika Bakari. Bi Zuena alipokuwa akimalizia fundo, kivuli kiliingia mlangoni. Bakari aliweka chini mzigo wa mianzi, akaketi karibu na mgonjwa. Kwa mkono wake wa kushoto alishika kidole cha Romani, akaibonyeza kucha, akaiachia, akaitazama kwa muda mrefu.

"Inarudi," akasema.

Bi Zuena akalegeza kamba kidogo zaidi.