Alishona mapazia ya nyumba aliyokuwa anatolewa

Saa kumi na mbili asubuhi, meza ya kukatia vitambaa ya Dorkasi Ndahani bado ni kitanda. Mwenyewe ameshaamka. Anakunja blanketi mbili, anazungusha godoro la inchi tatu, analifunga kwa kamba na kulisukuma chini ya meza, nyuma ya gunia la vipande vya nguo. Kisha anapangusa ubao kwa kitambaa chenye maji, anapanga mkasi, chaki na futikamba, na hapo ndipo anafungua mlango wa kibanda.

Upepo wa Julai wa Dodoma unaingia bila hodi. Dorkasi, mwenye miaka 41, anajifunga mtandio kichwani, anakaa kwenye cherehani na kuanza kukanyaga. Mteja wa kwanza akifika saa mbili hatajua kwamba fundi wake amelala hapo hapo.

"Wakijua watanihurumia, na mteja akishakuhurumia anakuletea kazi za kukusaidia, zile za kuziba matundu," anasema na kucheka kidogo. "Mimi nataka kazi ya maana."

Kibanda chenyewe ni cha mabati, pembeni mwa barabara, Area D. Hakina choo. Anatumia cha duka la jirani, kwa sharti la kuchota maji yake mwenyewe. Kwa miaka saba hapa palikuwa pa kazi tu. Nyumbani palikuwa mitaa miwili nyuma: vyumba viwili, sebule na jiko, shilingi 160,000 kwa mwezi, kodi ikilipwa ya miezi sita kwa mkupuo. Humo ndimo alimokuwa akiishi na wanawe, Jenifa wa miaka 15 na Joshua wa miaka sita. Mumewe alikwenda Kibaigwa kununua mahindi miaka mitano iliyopita, na mpaka leo bado ananunua.

Mwanzoni mwa Februari mwaka huu alifika kibandani kijana mmoja nadhifu, Cornel. Kazi yake ni kusimamia nyumba za watu zinazopangishwa kwa usiku. Mgeni anayekuja mjini kwa semina, mkutano au vikao vya Bunge analipa kwa simu, anatumiwa namba ya siri, anafungua kisanduku kilichopigiliwa mlangoni na kuchukua ufunguo. Anakaa siku tatu, anaondoka. Cornel alikuwa na nyumba kumi, na ya kumi na moja ilikuwa njiani. Alitaka mapazia ya nyumba nzima. Akaacha kianzio cha shilingi 200,000 na karatasi ya vipimo.

Dorkasi alifurahi, jamani! Tangu Krismasi hakuwa amepata oda ya nyumba nzima. Jioni ile ile alinunua vitambaa, akamnunulia na Jenifa viatu vya shule. Kesho yake akaitandaza karatasi mezani, akaanza kusoma kipimo kimoja kimoja.

"Sebule, 94. Sikushtuka. Dirisha la jiko, sikushtuka," anakumbuka. "Nikafika chumba cha pili. Kushoto 84, kulia 87. Mkasi nikauweka chini."

Pazia la kufika sakafuni hupimwa pande mbili, na kwa kawaida pande hizo ni sawa. Zikitofautiana inchi tatu, ama mjenzi alikuwa amelewa, ama sakafu imetitia. Sakafu ya chumba walicholala watoto wa Dorkasi ilititia upande wa kulia mvua za mwaka 2020. Yeye mwenyewe alishona pazia lenye upande mmoja mrefu ili kuificha aibu hiyo, na siku ile lilikuwa bado linaning'inia pale pale. Akapitia vipimo vilivyobaki. Vyote alikuwa navyo kichwani.

Sasa walipima lini? Jibu alikuwa nalo Jenifa. Wiki moja nyuma, mama akiwa kazini, mwenye nyumba alikuja na vijana wawili wakisema wanakagua nyufa. Binti akawafungulia, akawakaribisha maji ya kunywa, tena akawashikia ncha ya futikamba.

"Mpaka leo ananiambia, 'Mama, ni mimi niliyewashikia,'" anasema Dorkasi, na hapo anaisimamisha cherehani. Machozi yanamlengalenga. "Namwambia, mwanangu, hata ungewafungia mlango wangerudi kesho yake. Haelewi."

Cornel aliporudi kuulizia kazi, Dorkasi alimuuliza nyumba ile ni ya nani.

"Ya Mzee Noeli, ile yenye bati la kijani," kijana akajibu. "Mpangaji anatoka mwisho wa mwezi."

"Ameshaambiwa?"

"Ataambiwa tu, mama."

"Basi ndiyo kwanza anaambiwa. Mpangaji ni mimi."

Cornel akakosa pa kutazama. Akasema pole, akarudia tena pole. Kisha akauliza kama mapazia ataendelea nayo au atafute fundi mwingine.

Aliendelea nayo. Kianzio kilikuwa kimeshatumika, na kazi nyingine hakuwa nayo. Kwa siku kumi alishona mapazia ya kijivu ya nyumba yake mwenyewe, jioni akirudi kukaa nyuma ya yale yake ya maua. Pazia la chumba cha pili hakuliibia hata inchi moja.

"Ningelikata sawa lingening'inia vibaya, halafu waseme Dorkasi ni fundi mbovu," anasema. "Nyumba wameichukua. Jina langu la kazi siwaachii."

Mzee Noeli, mstaafu wa miaka 68, hajifichi. Anasema mkataba ulikuwa umeisha na notisi alitoa.

"Dorkasi hakunisumbua hata siku moja, hilo nalisema hata mbele za watu," anasema. "Lakini usiku mmoja ni elfu themanini na tano, na Bunge likikaa inapanda. Wageni wakilala siku mbili, nimeshapata kodi yake ya mwezi mzima. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Kisha anaongeza kwamba wanaolala mle ndani siku hizi hajawahi kuonana nao.

Dorkasi alitafuta nyumba kwa wiki tatu, akaona kumi na nne. Za karibu zilikuwa shilingi 300,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita mbele, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Za saizi yake zilikuwa mbali mno, nauli ya kila siku ingemla mzima mzima. Katika mtaa wake wa zamani kuna nyumba tisa, na tano sasa ni za usiku. Walimu na wauguzi waliokuwa wakimletea vitenge na sare za watoto wamehama mmoja mmoja. Wenye oda kubwa ni akina Cornel.

"Nikihamia mbali kazi sina, nikibaki pa kulala sina," anasema. "Anayenitoa ndiye huyo huyo anayenilisha. Sasa nitamgombezaje?"

Siku hizi, kabla ya kushika mkasi, anauliza kama mpangaji ameambiwa. Mwezi Mei Cornel alileta vipimo vya nyumba nyingine, na alipoulizwa akajibu kwamba hajui. Dorkasi akaikunja karatasi na kumrudishia. Wiki iliyofuata mapazia yalikuwa madirishani, yameshonwa na fundi mwingine.

Siku ya kuhama, kitanda, kabati na watoto vilipanda kigari kimoja cha mizigo, kirikuu, kwenda kwa mama yake, Bibi Ruthu, kijijini wilayani Chamwino. Jenifa alihamishiwa shule ya huko katikati ya muhula. Mama mtu alibaki na cherehani, godoro na sufuria moja. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 6,000, kwa hiyo si kila Jumapili anakwenda.

Jumapili iliyopita alikwenda, na mfuko wa maandazi mkononi. Joshua alikuwa anacheza uani. Hakumkimbilia. Alisogea taratibu, akasema shikamoo mama, akaingia ndani na kutoka amebeba kiti cha plastiki, kile ambacho bibi hukitoa mchungaji akija. Akakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Karibu ukae," akamwambia, na kwenda kusimama karibu na bibi yake. Bibi Ruthu akamsifu kwa adabu.

"Nilikaa. Ningefanyaje?" anasema Dorkasi. "Lakini kiti kile kilinichoma."

Katika kikundi cha kina mama ameshaweka shilingi 640,000. Anataka zifike 960,000 ifikapo Desemba, apate kodi ya nusu mwaka mahali popote ambapo bodaboda inaweza kumfikisha kazini. Hana uhakika kama kufikia hapo bei itakuwa bado ni hiyo.

"Januari shule zikifunguliwa nataka tuwe pamoja, hata kama ni chumba kimoja, hata kama hakina dari," anasema huku akiingiza uzi kwenye sindano. "Joshua akiniletea kiti, iwe nimemtuma mimi."